Nyumba Tisa Juu ya Kilima

Jumatatu, 29 Septemba

Mwalimu wetu wa lugha ametuagiza tuandike shajara mpaka siku ya kufunga shule, mwezi wa Desemba. Amesema hatazisoma, atatazama tu kama kurasa zimejaa. "Siku isiyo na kitu, andikeni mstari mmoja. Siku yenye kitu, msihesabu mistari." Basi naanza.

Naitwa Faustine Delbreil, nina miaka kumi na miwili, naishi Puymaurel, juu kabisa, ndani ya ukuta wa ngome ya kale. Tangu Agosti mimi ndiye mtoto pekee kijijini. Rafiki yangu Lison amehamia mji wa Toulouse na wazazi wake. Aliahidi kuandika kila Jumapili. Zimepita Jumapili tano na nimepata barua moja, nusu yake ikieleza bwawa jipya la kuogelea.

Watu wa kiangazi, wanaokuja kwa likizo tu, nao wameondoka. Wamefunga maji, wamefunga mbao za madirisha, wameteremka na magari yao. Leo asubuhi, nilipokuwa nikishuka langoni kusubiri basi la shule, kulikuwa bado giza, nikahesabu madirisha yenye mwanga. Nyumba tisa. Nyumba zote za Puymaurel ni arobaini na moja.

Kuhesabu si mchezo wangu peke yangu. Hapa kila mtu anahesabu. Ukiamka, kazi ya kwanza ni kusukuma zile mbao mbili zinazofunika dirisha lako kwa nje na kuzibana ukutani. Maana yake: niko hai, sijambo, piteni. Mbao zikiwa bado zimefungwa saa tatu asubuhi, yeyote anayepita lazima abishe hodi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini dada yake meya aliokolewa nayo alipopata kiharusi.

Jumanne, 30 Septemba

Nyumba tisa. Mvua.

Alhamisi, 2 Oktoba

Wageni wachache bado wanapanda kutazama ngome. Leo jioni mwanamume na mkewe walisimama mbele ya dirisha la Bi Noélie, jirani yetu wa mkono wa kushoto. Bi Noélie ana miaka themanini na saba na alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake. Yule mke akamwuliza kwa sauti kubwa, kama anayesema na kiziwi:

"Samahani bibi, kuna watu wanaoishi humu kweli?"

"Hapana," akajibu Bi Noélie. "Mimi ni pambo. Saa kumi na mbili wananirudisha kabatini."

Mume alicheka, mke hakujua afanye nini na uso wake. Walipoondoka, Bi Noélie aliniita. "We Faustine, njoo ule tufaha. Umesimama hapo kama nguzo ya daraja." Sikujua kwamba alikuwa ameniona.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ya Jumatano shule huisha adhuhuri. Zamani saa hizi nilikuwa na Lison juu ya ukuta. Leo nilikaa juu ya ukuta peke yangu, nikasikia nyundo ya Bi Noélie, nikaenda.

Ni majira ya jozi, zile kokwa zenye ganda gumu. Baba anafanya kazi kwenye mashamba ya mijozi kule bondeni na hurudi usiku akiwa amechoka hata kuzungumza. Bi Noélie ana miti yake minne. Anapasua jozi jikoni kwake, karibu na meko, kijiwe bapa gotini na nyundo ndogo ya mbao mkononi. Ukipita uchochoroni kwetu kuanzia Oktoba hadi Krismasi utasikia: ko, ko, ko. Mama anasema hiyo ndiyo saa yetu ya ukutani.

Alinipa kijiwe na nyundo ya pili. "Usipige tumboni, piga kwenye ncha. Na usiwe na hasira nayo, haijakukosea." Kila pigo hufuatwa na sauti nyingine ndogo, maganda yakimwagika kapuni. Ko, shaa. Ko, shaa. Nilivunja ishirini kabla ya kupata moja iliyotoka nzima, nusu mbili kama vipepeo viwili. Aliiinua kwenye mwanga. "Hii tutawapa watu. Zile nyingine tutakula wenyewe, tufiche ushahidi."

Kisha akasema bila kunitazama: "Binti, unaweza kutunza neno?"

Bega lake la kulia halipandi tena. Mbao za dirisha lake ni za mwaloni, nzito, na mvua ikija zinavimba. Kuzisukuma inabidi uegemee nje ya dirisha kwa nguvu zako zote. Wiki iliyopita nusura aanguke. Anachotaka ni hiki: yeye ataondoa komeo kwa ndani, na mimi, nikishuka kwenda kwenye basi, nizivute kwa nje na kuzibana. Jioni nikirudi nizifunge.

"Kwa nini usimwambie Sylvain?" nikauliza. Sylvain ni mpwa wake, fundi seremala kule mjini. Huja kila Jumapili.

"Kwa sababu Sylvain ameshasema. 'Shangazi, siku utakayoshindwa kufungua dirisha lako mwenyewe, ndiyo siku tutakayozungumza habari ya nyumba ya wazee.' Sitaki mazungumzo hayo. Mimi nimezaliwa chumba hicho hapo, juu ya kichwa chako."

Niliwaza: akienda, nitabaki na nani? Nikasema ndiyo. Naandika hapa kwa kuwa mwalimu ameahidi kutosoma.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimezifungua saa moja na dakika ishirini. Zilitoa mlio kama ng'ombe. Bi Noélie alikuwa amesimama ndani, amevaa koti juu ya nguo ya kulalia, taa inawaka. Akagonga kioo mara mbili kwa pete yake. Maana yake: vizuri, nenda shule. Nilikimbia hadi langoni bila kuhisi baridi.

Nyumba tisa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tisa. Pete mara mbili.

Jumanne, 14 Oktoba

Maganda ya jozi mbichi hutia rangi nyeusi ambayo sabuni haiitoi. Darasani Garance alinishika mkono akauonyesha meza nzima. "Jamani, mtazameni mchawi wa ngomeni! Umekuwa ukichimba makaburi?" Wakacheka. Nilitaka kusema neno kali kama angesema Bi Noélie, ila maneno makali hunijia nikiwa tayari kwenye basi. Niliweka mikono chini ya meza mpaka kengele.

Bi Noélie aliposikia alisema: "Mwambie mikono yako imefanya kazi ndiyo maana inaonekana. Yake haionekani." Ni jibu zuri. Nitalitumia mwakani.

Jumapili, 19 Oktoba

Sylvain alikuja saa sita. Nilikuwa nimefungua mbao mapema. Nilimwona akisimama uchochoroni, kabla hata ya kubisha, akayatazama madirisha kutoka juu hadi chini kama mkaguzi. Kisha akaguna, akaingia. Ana mikono mikubwa na hacheki. Nilimchukia kidogo, naandika ukweli.

Kupitia ukutani nilimsikia akisema, "Na bega?" na Bi Noélie akijibu, "Bega lipo, limeshikana na mkono. Kunywa kahawa yako."

Jumanne, 28 Oktoba

Likizo. Tisa. Hakuna barua.

Jumamosi, 1 Novemba

Siku ya Watakatifu Wote. Watu wengi walipanda na vyungu vya maua kwa ajili ya makaburi, na kwa saa tatu kijiji kilikuwa na sauti. Bi Noélie alikwenda kaburini kwa mumewe huku mkono wake ukiwa begani mwangu. Kwa watu ilionekana kama mapenzi. Mimi nilihisi uzito.

Meya, Bi Vayssade, alimwambia Sylvain mbele ya kanisa: "Shangazi yako ni chuma. Kila siku wa kwanza kufungua mbao, kabla yangu mimi!" Sylvain akaitikia kwa kichwa na kwa mara ya kwanza niliona uso wake ukilegea. Bi Noélie akanifinya bega. Nilitazama viatu vyangu.

Jioni magari yote yameteremka. Tisa.

Alhamisi, 6 Novemba

Ukungu siku ya nne. Bonde halipo, mji haupo, tuko juu ya bakuli la maziwa.

Mama ni mpeleka barua. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri na kwetu hupita saa tano. Leo wakati wa chakula alisema: "Kwa Noélie sibishi tena hodi siku hizi, barua naziacha kisandukuni. Nikiona mbao wazi najua mambo ni shwari, naendelea na safari."

Niliweka kijiko chini. Sijui kwa nini nilikuwa sijaliwaza hilo kabla ya leo. Mbao zinasema niko hai, sijambo. Lakini anayesema ni mimi, tena nasema nikiwa naondoka.

Jumatano, 12 Novemba

Nilimwambia. Tulikuwa tukipasua jozi, nikaweka nyundo chini. "Bi Noélie, tumwambie walau mama."

"Mama yako atamwambia meya, meya atamwambia Sylvain, na Sylvain atakuja na sanduku la nguo. Unataka hivyo?"

"Hapana."

"Basi piga jozi yako."

"Lakini kama siku moja..."

"Kama siku moja nini? Pete yangu unaisikia au huisikii? Nikigonga, niko sawa. Nisipogonga, unaita mtu. Hiyo si bora kuliko mbao? Mbao hazina pete."

Alisema kweli, au nilitaka iwe kweli. Tulimaliza kapu zima. Nilipoondoka alinipa nusu nzima nzima katika karatasi, zile za kuwapa watu.

Jumatatu, 17 Novemba

Tisa. Baridi kali. Pete mara mbili.

Alhamisi, 20 Novemba

Sikuandika Jumanne wala jana. Leo sihesabu mistari.

Jumanne, tarehe kumi na nane, niliamka nimechelewa. Nilikuwa nimekaa hadi usiku nikisubiri simu ya Lison ambayo haikuja. Nilishuka ngazi huku nikifunga koti. Basi lilikuwa tayari limefika. Dereva, Bwana Marcou, akapiga honi, na akipiga honi mara ya pili huondoka. Nikavuta mbao za Bi Noélie, ule wa kulia, ule wa kushoto, nikazibana. Taa ilikuwa inawaka ndani. Honi ikalia mara ya pili. Nikakimbia.

Sikusubiri pete.

Nilikumbuka nikiwa nimekaa kwenye kiti cha basi. Nikajiambia: taa inawaka, kwa hiyo ameamka. Nikajiambia: labda aligonga nikiwa nimeshageuka. Shuleni nililiwaza mara moja wakati wa hesabu na mara moja wakati wa chakula. Sikumwomba mtu simu. Nikajiambia yote mazuri ninayoweza kumwambia mtu mwingine.

Nilirudi saa kumi na moja na nusu, jua limeshazama. Nilipofika kona ya uchochoro nilisikia nyundo yake: ko. Moyo wangu ukashuka mahali pake, nikatabasamu peke yangu. Mbao wazi, taa inawaka, nyundo inapiga. Nikanyoosha mkono nizifunge.

Ko.

Nikasimama na ubao mkononi. Nilisubiri ile sauti ya pili, maganda yakimwagika. Haikuja.

Ko.

Hakukuwa na maganda. Ilikuwa nyundo peke yake, polepole, kila moja mbali na mwenzake. Niliacha ubao nikasukuma mlango.

Alikuwa sakafuni juu ya vigae, karibu na meko, amelala ubavu. Kapu la jozi lilikuwa limepinduka. Nyundo ilikuwa mkononi mwake wa kushoto na alikuwa akipiga nayo sakafu. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Moto ulikuwa umezimika. Alinitazama muda mrefu kabla ya kunijua, akasema kwa sauti iliyobaki kama karatasi: "Wewe... leo... umechelewa."

Nilimfunika na koti langu na blanketi na kila kitu nilichokiona. Nikapiga simu iliyo ukutani, ile aliyokuwa akiitazama kutoka chini siku nzima. Kisha nikapiga kelele uchochoroni, na mama akaja, na meya, na baba ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafika. Alikuwa ameshawasha taa na kuondoa komeo, akaanguka saa kumi na mbili alfajiri, alipotaka kuwasha moto. Nilipokuwa nikifungua mbao zake, alikuwa tayari chini. Alinisikia. Aliita, sauti ikazidiwa na honi.

Gari la wagonjwa liliposhuka naye, tulibaki jikoni kwake watu wanne. Meya aliliinua lile kapu lililopinduka. "Mimi nimepita hapa saa tatu," alisema. "Nimeona mbao. Nimesikia nyundo! Nikawaza, Noélie leo ameanza kazi mapema."

"Nami nimesikia saa tano," mama akasema. "Nimetia barua kisandukuni. Nilimwambia kwa nje, 'Pumzika kidogo, Noélie!' Nikaenda zangu." Akafunika mdomo wake kwa mkono.

Hata wageni wawili waliopanda mchana kupiga picha walimwambia meya pale langoni kwamba wamerekodi sauti ya nyundo kwenye simu yao, maana ni nadra siku hizi kusikia kijiji cha kale kikifanya kazi. Muda wote wa saa kumi na moja na nusu alizokaa chini, alipiga, na kijiji kizima kilimsikia, na kila aliyesikia alifurahi.

"Ila sielewi," meya akasema. "Kama alianguka saa kumi na mbili, mbao alizifunguaje?"

Wakatazamana. Ningeweza kunyamaza. Niliwaza hivyo, naandika ukweli.

"Nilizifungua mimi," nikasema. "Nazifungua mimi kila siku. Tangu tarehe tisa Oktoba."

Nikaeleza yote, mpaka ile pete. Baba alikaa kwenye kiti kidogo cha kupasulia jozi. Mama alisema, "Faustine," mara moja tu, taratibu. Afadhali angepiga kelele. Meya alitoka nje akafunga mbao mwenyewe, na nilisikia jinsi zilivyomshinda mara ya kwanza.

Ijumaa, 21 Novemba

Nyumba nane.

Jumapili, 23 Novemba

Sylvain alikuja kuchukua nguo za shangazi yake. Amevunjika nyonga, wamempasua na ameamka vizuri. Nilijificha chumbani. Kisha nikaona kujificha ni kusema uongo mwingine, nikashuka.

Alikuwa uchochoroni akijaribu mbao kwa bega. "Wewe ndiye uliyekuwa ukizifungua hizi?"

"Ndiyo, Bwana Sylvain."

"Kila siku? Na mkoba wa shule mgongoni?"

"Ndiyo."

Nilisubiri anitukane. Alikaa kwenye kiti cha Bi Noélie, kile cha nje, kikalia chini yake. "Unajua, kila Jumapili nilikuwa nikizitazama mbao hizi kabla sijamtazama yeye. Nilikuwa nikishuka nyumbani na amani." Akapitisha kidole kwenye ukingo uliovimba. "Mimi ni seremala, Faustine. Ningemtengenezea mbao nyepesi kwa siku mbili. Za kusukuma kwa kidole. Lile neno la nyumba ya wazee nililisema siku moja nikiwa na hasira, nikalisahau. Yeye hakulisahau."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Mtu niliyemwona kwa wiki tano kama mkaguzi alikuwa kumbe mtu aliyekuwa na hofu.  Nilikwenda kwetu nikamletea zile nusu nzima za jozi. Alikula moja, akaangalia vidole vyangu, akasema, "Amekufundisha vizuri."

Jumatano, 26 Novemba

Nane. Hakuna nyundo.

Jumatatu, 1 Desemba

Nane. Theluji kidogo, haikukaa. Meya ameamua kwamba sasa mbao wazi hazitoshi. Anayepita anaita jina na kungoja jibu. Mama leo alichelewa kurudi kwa saa nzima kwa sababu ya kungoja majibu.

Alhamisi, 4 Desemba

Sylvain amempigia mama simu. Kesho Bi Noélie anahamia nyumba ya wazee mjini, ile nyeupe karibu na mto. Miguu yake haiwezi tena ngazi zetu. Kwa hiyo lile tulilolificha wiki sita limetokea tu, na limetokea pamoja na maumivu.

Mama aliuliza kama ninataka kwenda kumwona. Nilisema nina kazi ya shule. Je, akigeuza uso ukutani?

Jumatano, 10 Desemba

Nilikwenda. Kutoka shuleni ni mwendo wa dakika kumi. Nilisimama nje ya mlango nikisoma tangazo la chakula cha wiki nzima, mara mbili. Kisha nikaingia.

Chumba chake kiko ghorofa ya pili. Alikuwa kwenye kiti chenye magurudumu, nywele zimechanwa upande ambao si wake.

"Wiki tatu," alisema. "Konokono angekuwa ameshafika na kurudi."

"Samahani, Bi Noélie."

"Samahani ya konokono au ya lile jingine?"

"Ya lile jingine." Nikaanza kulia, jambo nililokuwa nimejiapia kutofanya. "Sikusubiri pete."

Hakusema si kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndicho kilichonisaidia. Alisema: "Ulipaswa kusubiri. Ndiyo. Na mimi nilipaswa kukubali kuwa mzee, badala ya kumpa mtoto wa miaka kumi na miwili uzee wangu aubebe na mkoba wa shule. Tugawane. Nusu yako, nusu yangu. Yangu kubwa. Sasa futa pua, unatia aibu mbele ya muuguzi."

Nikampa nilichomletea: nyundo yake. Muuguzi akasema, "Bi Noélie, tafadhali, hapa wengine wanalala mchana." Bi Noélie akajibu, "Nitawapigia wale wasiolala," akaiweka chini ya mto.

Kisha akanionyesha dirisha. Lina pazia gumu la kukunja, nje ya kioo, linalopanda na kushuka lenyewe. Ukutani kuna kitufe. "Bonyeza uone." Nikabonyeza. Likapanda likinguruma, na mle kwenye kioo, juu kabisa, juu ya miti na ukungu mwembamba, nikaona ukuta wetu, lango, na mnara wa kanisa. Puymaurel nzima, ndogo kama kitu cha kuwekwa kabatini.

"Siku ya kwanza nililia," alisema. "Siku ya pili nikagundua kitufe kinabonyezwa kwa kidole kimoja. Kidole ninacho." Akanivuta karibu. "Baba yako ana darubini ya kutazamia njiwa. Saa moja na dakika ishirini, simama juu ya lango. Hapa wanatuamsha kama askari, nitakuwa macho. Nitapandisha, nitashusha, nitapandisha tena. Usipoona..."

"Nisipoona, nisipande basi."

"Usipande basi kabla hujamwambia mtu mzima. Na safari hii kila mtu anajua. Sylvain anajua, mama yako nitamwambia, huyu muuguzi anayenikodolea macho anajua. Hakuna neno la kutunza. Nimechoka kutunza maneno."

Alhamisi, 11 Desemba

Ukungu. Nilisimama juu ya lango na darubini, sikuona hata mti wa kwanza. Nilimwambia Bwana Marcou sipandi mpaka nipige simu. Badala ya kupiga honi alinipa simu yake. Muuguzi akaenda kutazama, akarudi akicheka: "Anakula mkate na jamu. Anasema ukungu si ugonjwa, uende shule."

Nane.

Ijumaa, 12 Desemba

Ukungu. Simu. Jamu.

Jumatatu, 15 Desemba

Ukungu. Bwana Marcou sasa ana namba ya nyumba ya wazee kwenye simu yake, na watoto wote wa basi wananyamaza nikizungumza. Nane.

Jumanne, 16 Desemba

Garance alikaa karibu nami wakati wa chakula. Mwanzoni nilificha mikono. "Kaka yangu yuko kwenye basi lenu," alisema. "Anasema kila asubuhi unamwamsha bibi mmoja kwa simu."

"Simwamshi. Ameshaamka. Nahakikisha tu."

Alichezea uma wake. "Ni kweli kwenu mnaingia kwa lango kama la zamani? Mimi nimekaa hapa chini miaka yote, sijawahi kupanda. Tulipanga kwenda na darasa, mvua ikanyesha."

"Unaweza kuja," nikasema. "Kuna wageni wanakuja kutoka nchi za mbali."

"Jumamosi?"

"Jumamosi." Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, neno likanijia kwa wakati wake: "Ila ukija utapasua jozi. Utarudi na mikono ya mchawi." Akacheka, na hakuwa akinicheka.

Labda hatakuja. Lison naye alisema Jumapili. Lakini nimemwomba baba kapu moja la jozi.

Alhamisi, 18 Desemba

Upepo wa kaskazini umeanza mchana. Jioni ukungu ulikuwa ukiondoka vipande vipande.

Ijumaa, 19 Desemba

Leo ni siku ya kufunga shule, na huu ndio ukurasa wa mwisho wa daftari.

Nilishuka saa moja na dakika kumi. Giza, baridi kavu, nyota zote. Nilipita nyumba ya Bi Noélie. Sylvain ameng'oa zile mbao za mwaloni akaweka nyingine nyepesi za msonobari, amezifunga vizuri. Anasema nyumba isiyo na mtu isiseme ina mtu, lakini kiangazi atamleta kwa siku chache, na atazifungua mwenyewe. Nilizigusa kwa kidole kimoja. Zilitikisika.

Niliita majina njiani nikahesabu majibu. Nyumba nane.

Nikapanda juu ya lango. Jiwe lilikuwa na barafu. Chini, mji wote ulikuwa umetandazwa, taa za barabara, daraja, mto ambao hauonekani ila unajua ulipo. Nikatafuta jengo jeupe, ghorofa ya pili, dirisha la tatu kutoka kona. Lilikuwa jeusi. Basi la Bwana Marcou lilikuwa likipanda kona za mlima, nikaona taa zake zikigeuka huku na huku. Saa moja na dakika kumi na tisa. Niliiegemeza darubini ukutani isicheze.

Basi likafika chini yangu likasimama. Hakukuwa na honi.

Kisha, kule chini, mstari mwembamba wa mwanga ukatokea sehemu ya chini ya dirisha. Ukapanda taratibu, ukanenepa, dirisha zima likawa na nuru. Pazia likashuka mpaka giza. Likapanda tena.

Nikatoa mkono kwenye glavu, nikagonga jiwe la ukuta mara mbili, ingawa najua haisikiki.

Nyumba tisa.